Senti Arobaini

Jumanne, tarehe 13 Septemba

Leo mashine imegeuka nyekundu.

Papa Mbonigaba, dereva wa kamyoneti ya mizigo, aliingia ofisini saa nne, viatu vimejaa matope ya barabara, pesa zimefungwa kiunoni chini ya koti. Alikuwa ametoka Goma kuuza fromaji, jibini, za wakina mama wa Kirolirwe, na njia yake ya kurudi inapita hapa Sake. Dola mia moja na arobaini, malipo ya mwezi ya kikundi cha Mama Nyirabagenzi. Nilihesabu mara mbili, kisha mara ya tatu. Noti moja ilikuwa imechanika pembeni. Noti iliyochanika ikiingia kwenye kasha, coopec, ushirika wetu wa akiba na mikopo, hailipi. Ninalipa mimi. Akanipa nyingine huku anacheka.

"Weye Benita, siku moja utahesabu mpaka nywele za watu."

Tarehe ya mwisho ilikuwa 10. Leo 13. Siku tatu za kuchelewa, dola mbili na senti themanini kila siku. Niliingiza kama kitabu cha règlement, kanuni zetu, kinavyosema: siku ya malipo ni siku pesa inapofika guichet, dirishani kwangu. Mashine ikakata faini yenyewe kwenye akiba yao ya dhamana, kama kila mwezi.

Halafu nyekundu.

Akiba iliyobaki: dola 99 na senti 60. Ikishuka chini ya mia moja, mashine haimuulizi mtu. Inaandika défaillant, ameshindwa kulipa, inafunga hesabu, inapeleka jina siège, makao makuu, Goma, palepale. Senti arobaini! Bei ya beignet nne, maandazi ya asubuhi. Nilitoa franga mia nane kwenye pochi yangu mwenyewe, nikajaribu kuziingiza. Compte bloqué, hesabu imefungwa. Nikajaribu tena. Bloqué.

Jumatano, tarehe 14 Septemba

Barua imetoka. Papa Sébastien, gérant wetu, mkuu wa ofisi, ameipiga muhuri mbele yangu. Deni lote lililobaki, dola mia saba, lilipwe kabla ya tarehe 28. La sivyo, coopec itachukua dhamana.

Nilifungua dossier, faili lao, kuona dhamana ni nini. Ng'ombe jike mmoja, rangi ya kahawia iliyokolea, pembe fupi, sikio la kushoto limekatwa kidogo. Mali ya Nyirabagenzi, kiongozi wa kikundi. Sahihi ya chef wa kijiji. Alama ya kidole gumba cha Nyirabagenzi, ya bluu, imepotoka kidogo kama mtu aliyesukumwa.

Wakina mama watano, mkopo mmoja, ng'ombe mmoja.

Nikamwuliza Papa Sébastien kama hakuna njia nyingine. Hakuinua kichwa. Alisema mashine ikishasema, yeye ni nani. Sauti yake haikuwa mbaya. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, kama yangu.

Ijumaa, tarehe 16 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Papa Mbonigaba alikuja kuchukua barua aipandishe Kirolirwe. Aliifungua. Hiyo ni desturi yake: hapitishi kitu kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, bila kujua kimeandikwa nini. Akasoma polepole, midomo inacheza. Akasoma tena.

"Kuchelewa? Nani alichelewa?"

Nikamwambia: kikundi. Tangu mwezi wa sita. Siku nne, tano, sita, tatu.

"Wapi! Minapakiaka kila mwezi mbele ya tarehe kumi. Karto si ninakupatiaka?"

Karto. Kila mwezi, pamoja na pesa, ananiachia kipande cha karto, karatasi ngumu, kimeandikwa kwa kalamu ya bic: jina la Nyirabagenzi, idadi ya fromaji, tarehe. Nilifikiri ni hesabu zake za usafiri. Nilimwonea huruma hata: mzee hana daftari. Lakini mimi sijatupa karatasi tangu nizaliwe. Nikavuta boksi chini ya meza. Zote nne zilikuwemo. Tarehe 7 Juni. Tarehe 6 Julai. Tarehe 8 Agosti. Tarehe 7 Septemba.

Akanieleza, kama mtu anayemweleza mtoto jinsi ya kufunga kamba. Wakina mama hawawezi kushuka na pesa, barabara haiwaruhusu. Wanashusha fromaji. Ikishapanda kwenye kamyoneti si yao tena, ni ya coopec. Ikinyang'anywa njiani, wao hawadaiwi. Ikikaa Goma wiki nzima bila mnunuzi, si kosa lao. Siku ya kupakia ndiyo siku ya kulipa.

"Dada Astrid alijuaka," akasema. "Hakukuambia?"

Akaikunja barua, akaiweka ndani ya kofia. Akaenda nayo. Sikumzuia. Kwa nini sikumzuia?

Jumamosi, tarehe 17 Septemba

Nimempigia Astrid. Alikaa kwenye guichet hii miaka minne kabla yangu. Sasa ameolewa Beni. Alinikabidhi kazi kwa siku mbili tu mwezi wa tano, ya pili akiwa na nusu ya akili kwenye gauni la harusi.

Mwanzoni alicheka. "Ma chère, siku ya kulipa njo siku ya kupakia! Kila muntu anajua."

Nikamwambia haijaandikwa popote.

"Na iandikwe juu ya nini, kama kila muntu anajua?"

Nikauliza alikuwa anaingizaje kwenye mashine. Akasema kuna ka-fenêtre, kadirisha kadogo chini, date valeur. Unapokea pesa leo, pale unaweka tarehe ya karto. Basi.

Ninakaona hako ka-fenêtre tangu Juni. Kila siku ninakapita. Niliogopa kukagusa kwa sababu sikujua kazi yake ni nini.

Astrid akauliza kwa sauti ndogo: "Benita, uliwakata kiasi gani?"

Dola hamsini na senti arobaini, siku kumi na nane. Na wenyewe hawajui. Vitabu vyao vya akiba tunaviweka hapa kabatini, kwa sababu mtu akikutwa na carnet kwenye barrière, hao wa barrière wanajua kwamba nyumbani kwake kuna pesa. Kwa hiyo ni mimi peke yangu nasoma carnet zao. Mimi na mashine.

Jumapili, tarehe 18 Septemba

Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri.

Mama amepiga kutoka Buleusa. Amepanda kilima kutafuta réseau, nasikia anavyohema. Mihogo imeoza kwa mvua. Mdogo wangu ameanza shule bila kiatu cha kulia. Si mzaha, amepoteza kimoja tu. Halafu akamshukuru Mungu kwa kazi yangu, kwa sauti, pale kilimani, na nikasikia wengine walio karibu naye wanasema amina.

Nikasema kila kitu kiko sawa.

Jumatatu, tarehe 19 Septemba

Nimefungua carnet zote za milimani wakati Papa Sébastien yuko sokoni. Vikundi tisa vinalipa kwa kamyoneti. Vyote tisa nimevikata. Tangu Juni: dola mia nne na kumi na mbili. Kila mstari una herufi zangu mbili za sahihi. Mwandiko mzuri, mstari haujapinda hata mmoja.

Saa nane Papa Sébastien amerudi na sucré, soda za baridi, kwa wote, hata mlinzi. Siège wamemwandikia: agence yetu, tawi hili, ni ya kwanza kwa mapato ya faini robo hii. Akaniwekea Fanta mbele. "Tangu ufike hapa, Benita, kazi inaenda muzuri. Weye unaheshimu kitabu."

Nilikuwa na karto nne kwenye mfuko wa sketi. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nilikuwa na sentensi ya kwanza kabisa.

Nikanywa Fanta.

Alhamisi, tarehe 22 Septemba

Amekuja mwenyewe.

Sikumjua, kwa sababu sikuwahi kumwona. Mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, kitenge cha njano, matope mpaka magotini. Alikuwa ametembea mpaka mahali anapoweza kupata moto, pikipiki ya abiria, kisha akaipanda. Alifika mbele ya kioo, akaniangalia sana.

"Weye njo Benita?"

"Ndiyo, Mama."

"Nilizania ni muntu mukubwa. Kumbe ni katoto, na kameanza kukonda."

Watu kwenye mstari wakacheka. Akatoa barua. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, inanuka moshi.

"Banisomea hii kule. Inasema niko muntu wa kuchelewa. Sikukuja kugomba. Nataka weye unionyeshe tu. Siku gani nilichelewa? Nionyeshe siku moja, nitaenda."

Mwanamume nyuma yake akasema kwa nguvu: "Mama, sisi pia tuko na maneno yetu, utumalizie!" Hakugeuka. "Papa, uniache. Weye uko na maneno, miye niko na ngombe."

Mlango wa gérant ulikuwa wazi nyuma yangu. Carnet yake ilikuwa kabatini, hatua mbili. Karto zilikuwa mfukoni.

Nikasema: "Mama, système iko en panne."

Taa ya mashine ilikuwa inawaka mbele ya uso wangu. Akaiangalia, akaniangalia.

"Ah. Iko mugonjwa? Basi nitangojea ipone."

Akakaa kwenye benchi. Kutoka saa nne mpaka saa tisa. Hakula. Kila nilipoinua macho alinitikisia kichwa kidogo, kama anayemfariji mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Saa tisa akasimama, kwa sababu baada ya saa kumi hakuna anayepita njia ile. Akapitisha kitu chini ya kioo, kimefungwa kwa jani la mgomba. Fromaji ndogo.

"Ya kwako. Ule. Uko unatumika kazi sana."

Règlement inakataza zawadi. Kuikataa ni tusi. Nikaichukua. Iko hapa juu ya meza yangu ya nyumbani. Sijaikata.

Ijumaa, tarehe 23 Septemba

Nimefanya kazi. Nimerudi. Basi.

Jumatatu, tarehe 26 Septemba

Nimesema! Hatimaye. Na ni vibaya zaidi kuliko nilipokuwa kimya.

Niliingia kwa Papa Sébastien saa moja na nusu, kabla ya wateja, nikafunga mlango, nikapanga karto nne mezani kwake kwa tarehe. Nikaeleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Alikuwa anasafisha muhuri kwa pini, anatoa wino uliokauka kwenye herufi.

"Astrid njo alikupigia?"

"Miye njo nilimupigia, Papa."

"Hm." Akapuliza muhuri. "Mwaka uliopita bakabeba fromaji makumi mbili pale njiani, na kamyoneti ikarudi mutupu. Nani alilipa? Coopec. Siège bakanikata mushahara myezi tatu. Niko na batoto sita. Juu ya karto!" Akagusa moja kwa ncha ya pini. "Kisha weye ukafika. Ukaanza kufuata kitabu. Nikajisemea: Mungu asifiwe, muache afuate kitabu."

Alijua. Tangu Juni alijua, na kila jioni alikuwa anapitia kazi yangu na kusema bien, kazi nzuri.

Nikasema, lakini wakina mama hawajui. Hawajaambiwa kwamba mambo yamebadilika.

"Kitabu hakikubadirika. Kiko vilevile tangu zamani." Ndipo akaniangalia. Macho mekundu, ya usingizi mchache. "Andika rapport, sikukatazi. Lakini siège bataniuliza kintu kimoja: signature kwa zile pénalité zote ni ya nani?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Halafu akaniambia: keshokutwa nitapanda Kirolirwe na Papa Twizeyimana wa recouvrement, mkusanya madeni. Procès-verbal, hati ya kuchukua dhamana, inataka sahihi ya aliyepiga hesabu. Bila hiyo, ng'ombe hawezi kutoka. Akanirudishia karto zangu, akizipanga vizuri kama karata.

Jumanne, tarehe 27 Septemba

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nimeichana. Nimeandika barua kwa siège. Nimeisoma, nimeona jina langu mara tisa na la gérant hakuna, kwa sababu hakuna karatasi yoyote yenye jina lake. Nimeichana pia.

Mshahara wa mwezi unatoka Ijumaa. Mama ameshaniomba nusu.

Jumatano, tarehe 28 Septemba

Kirolirwe. Saa tano na kitu. Ninaandika hapa hapa, kwenye daftari juu ya magoti. Nitaeleza kwa nini.

Tumekuja kwa pikipiki mbili. Ukungu mpaka saa tatu, kisha majani, majani, ng'ombe kama mawe kwenye mteremko. Barrière mbili. Papa Twizeyimana analipa na kusalimia kila mtu kama shemeji yake. Ni mtu mnene, mchangamfu, alikuwa infirmier, mwuguzi, wa mifugo zamani. Njiani aliniambia hapendi kazi hii, lakini anapenda ng'ombe, kwa hiyo angalau wanaondoka na mtu anayewapenda.

Mama Nyirabagenzi alikuwa anatungoja kwenye fensi. Wale wanne wengine wa kikundi wamekaa kwenye majani, wamejifunika vitenge. Walikusanya dola mia mbili na kumi. Hazitoshi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu, Benita. Système ilipona?"

"Ndiyo, Mama. Ilipona."

"Muzuri." Basi. Hakuuliza tena. Labda alifikiri kwamba kama imepona na bado tumekuja, basi kweli alichelewa.

Ng'ombe anaitwa Bihogo. Ana ndama wa miezi miwili. Hiyo haikuwa kwenye dossier.

Papa Twizeyimana akasoma karatasi kwa sauti: ng'ombe jike mmoja. Mmoja. Ndama anabaki.

"Na atanyonya nini?" akauliza Nyirabagenzi.

"Mama, siku ya contrat alikuwa hajazaliwa."

"Sikuuliza alizaliwa lini. Nauliza atanyonya nini."

"Mama, miye ni recouvrement. Siko maternité."

Wale wanne wakacheka, hawakuweza kujizuia, na Nyirabagenzi mwenyewe akacheka, mkono mdomoni. Papa Twizeyimana pia. Kwa muda kidogo palikuwa kama sherehe. Halafu ndama akaanza kulia.

Nyirabagenzi akasema ng'ombe haondoki na maziwa ndani, ni dhambi. Amekaa kumkamua sasa. Kikombe cha kwanza ameniletea mimi. Cha pili Papa Twizeyimana. Maziwa ya moto, yana povu. Hapa mtu hakatai maziwa. Nimekunywa yote na nimesema asante.

Ndipo Papa Twizeyimana akanipa procès-verbal na ubao wa kuandikia. Yote imejazwa tayari kwa mkono wake. Zimebaki nafasi mbili: idadi ya siku za kuchelewa, na sahihi ya aliyethibitisha hesabu. Akaelekeza kwa kidole: hapa kumi na nane, hapa signature.

Nikasema naomba dakika tano nikague hesabu.

Akashangaa. "Tena? Si ulihesabu kule?"

Nyirabagenzi akajibu kutoka chini ya ng'ombe, bila kugeuza kichwa: "Umuache mutoto ahesabu. Njo kazi yake."

Kwa hiyo niko hapa nyuma ya kibanda cha fromaji, kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kupitia mbao naona rafu, fromaji zimepangwa zinakauka, nimezihesabu: ishirini na sita. Hizo ni za tarehe 10 Oktoba. Alishazitayarisha. Zinangoja kamyoneti.

Wote wanafikiri ninahesabu. Sihesabu. Hakuna cha kuhesabu. Nilimaliza siku ile ya karto.

Nimeandika 0.

Kwa bic, si kwa kalamu ya risasi. Iko katikati ya kisanduku, ndogo, imefungwa vizuri. Sijui mkono uliandika saa ngapi. Chini yake mstari wa sahihi uko wazi. Nikisaini, Bihogo anabaki, lakini nimesema mbele ya siège kwamba mistari yangu yote ya tangu Juni ni ya uongo, vikundi tisa, na mimi ni peke yangu kwenye kila mstari. Nisiposaini, atatoa fomu nyingine niandike kumi na nane. Anazo, nimeziona kwenye mkoba, tatu au nne.

Sauti ya maziwa kwenye ndoo imekatika. Amemaliza kukamua.

Papa Twizeyimana ananiita. Dakika tano zimepita, anasema, mvua inapanda upande wa Masisi. Ananiita tena. Sasa anakuja mwenyewe, nasikia viatu vyake kwenye matope, anaimba kidogo puani. Daftari liko juu ya ubao, ubao juu ya magoti, bic ni hii moja, naihitaji kusaini